Mafuta ya Gari la Chama: Hesabu ya Karatasi na Hesabu ya Barabara

(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi, Kintinku, Wilaya ya Manyoni)



Katika hesabu za chama cha msingi ni vifungu vichache vinavyozua maneno kama kifungu cha mafuta ya gari. Mwanachama aliyeleta mpunga au alizeti yake ghalani na kukatwa ushuru kwa kila kilo anayo haki ya kuuliza fedha hizo zimekwenda wapi. Anapoelezwa kwamba sehemu kubwa imeishia katika tangi la gari kuukuu lenye magurudumu manne ya kuvuta, shaka humwingia. Na mtu wa kwanza kunyoshewa kidole huwa ni dereva.

Shaka hiyo mara nyingine ina msingi, na mara nyingine haina. Tatizo ni kwamba chama kisichokuwa na kipimo hakiwezi kuitenganisha hali moja na nyingine. Dereva mwaminifu anaweza kufukuzwa kwa wizi ambao haukutendeka, na dereva mwizi anaweza kukaa miaka akijificha nyuma ya maneno kwamba gari ni la zamani na linakula mafuta. Katika hali zote mbili anayeumia mwishowe ni mwanachama. Kwa sababu hiyo mazungumzo haya yanahusu jambo moja tu: jinsi chama kinavyoweza kujua gari lake linatumia mafuta kiasi gani katika barabara zake lenyewe, na jinsi ya kupunguza matumizi hayo bila kuliharibu gari wala kuhatarisha maisha ya watu.

KARATASI INASEMA NINI

Makosa mengi huanza pale chama kinapochukua hesabu iliyoandikwa na mtengenezaji na kuifanya sheria. Yafaa ieleweke kwamba hesabu hiyo haikupatikana Kintinku. Magari mengi yaliyotumika yaingiayo nchini hutoka Japani, na vitabu vya magari yaliyotengenezwa huko kati ya mwaka 1991 na mwanzo wa miaka ya 2010 hutaja kilomita kwa lita kwa kipimo kilichoitwa 10-15. Katika kipimo hicho gari halikwenda barabarani. Liliwekwa juu ya magogo ya chuma yanayozunguka, injini ikiwa imekwisha kupata moto, likaendeshwa kwa dakika 11 katika mwendo ambao wastani wake haukufika kilomita 23 kwa saa, na ambao haukuzidi kilomita 70 kwa saa. Hapakuwa na vumbi, wala tope, wala magunia, wala abiria waliosimamishwa njiani.

Wamarekani nao walilitambua tatizo hilo mapema. Walianza kutangaza matumizi ya mafuta ya magari katika miaka ya 1970, na baada ya malalamiko ya wenye magari serikali yao iliamua kwamba, kuanzia magari ya mwaka 1985, hesabu ya mjini ipunguzwe kwa asilimia 10 na ile ya barabara kuu kwa asilimia 22 ili zikaribiane na ukweli. Kuanzia magari ya mwaka 2008 njia ya kupima ilirekebishwa tena. Ikiwa nchi yenye maabara na barabara za namna hiyo ililazimika kukiri kwamba karatasi ilikuwa ikisifu mno, chama cha msingi kisimhukumu dereva kwa karatasi.

Kwa kukadiria tu, na kwa gari lililo katika hali ya wastani, makatibu wanaweza kutegemea mambo yafuatayo. Land Rover ya Series III yenye urefu wa inchi 109 kati ya ekseli, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985 na yenye injini ya petroli ya lita 2.25, huenda kilomita 5 hadi 6 na nusu kwa lita moja. Ile ya dizeli yenye ukubwa uo huo wa injini huenda kilomita 8 au zaidi kidogo, ingawa ni nzito mlimani. Toyota Land Cruiser za zamani zenye injini kubwa za petroli za silinda 6 huenda kilomita 4 hadi 6. Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, ambayo ilianza kutumika mwaka 1990 na ambayo bado inaonekana kwa wingi katika idara na mashirika, huenda kilomita 7 hadi 9. Gari dogo zaidi kama RAV4 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1994, huenda kilomita 9 hadi 11. Makadirio haya ni ya kuanzia mazungumzo. Hayawezi kushika nafasi ya kipimo cha chama chenyewe.

BARABARA YA KINTINKU

Kintinku ipo bondeni, katika uwanda wa Bahi ulio ndani ya Bonde la Ufa. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, hupita hapa kabla ya kuanza kuupanda ukingo wa bonde kuelekea Saranda na Manyoni. Barabara kuu ya Dodoma hadi Singida, ambayo sasa ni ya lami, nayo haina njia nyingine ila kuupanda ukingo huo huo. Mtu aendaye Manyoni kwa shughuli za wilaya hupanda kimo cha zaidi ya mita 300.

Kupanda kuna gharama inayoweza kuhesabiwa. Gari lenye uzito wa tani 2 hutumia karibu robo lita ya mafuta ya ziada kwa kila mita 100 za kwenda juu, mbali na mafuta ya kwenda mbele. Hivyo gari la chama lililobeba watu na mizigo likaufikisha uzito wake tani 2 na nusu litatumia karibu lita nzima zaidi kwa ajili ya ukingo huo peke yake. Wakati wa kurudi gari hurudishiwa sehemu ya gharama hiyo, lakini si yote, kwa kuwa nguvu nyingine huishia katika breki. Kwa hiyo safari ya Manyoni na safari ya Bahi, hata kama zingekuwa na kilomita sawa, hazina mafuta sawa. Katibu anayempa dereva lita zile zile kwa safari zote mbili anamdhulumu katika moja na kumwachia mwanya katika nyingine.

Nje ya lami hali ni nyingine tena. Njia za kuelekea mashambani katika pande za Lusilile, Chikuyu na Maweni hupita katika udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka na kutoa vumbi. Wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, hushika magurudumu na kulifanya gari litembee kwa gia ndogo ya magurudumu yote manne. Katika hali hiyo gari lililozoea kilomita 7 kwa lita linaweza kushuka hadi kilomita 4 au 3, na dereva akawa hakuiba hata tone. Ndiyo maana chama chapaswa kuwa na vipimo viwili, kimoja cha kiangazi na kimoja cha masika.

NAMNA YA KUPIMA

Njia ya kupima ni rahisi na haihitaji chombo chochote ila daftari na kalamu. Gari lijazwe tangi hadi mafuta yafike shingoni, likiwa limesimama mahali tambarare. Namba ya kilomita iandikwe. Gari lifanye kazi zake za kawaida mpaka litumie zaidi ya nusu ya tangi. Kisha lijazwe tena hadi shingoni, ikiwezekana katika pampu ile ile, na lita zilizoingia ziandikwe kutoka kwenye stakabadhi. Kilomita zilizokwenda zigawanywe kwa lita zilizoingia. Na iwe mfano: gari limekwenda kilomita 412, likapokea lita 58, basi limekwenda kilomita 7.1 kwa lita.

Mambo matatu huwapoteza makatibu wengi katika hesabu hii.

La kwanza ni kupima kwa mshale wa kipimo cha mafuta kilicho mbele ya dereva. Katika magari ya zamani mshale huo haufai kwa hesabu. Nusu ya mshale si nusu ya tangi, na gari likiegemea upande mmoja mshale husema jambo jingine.

La pili ni kuchukua wastani wa wastani. Ikiwa safari moja ilikuwa ya kilomita 300 kwa lita 50, gari lilikwenda kilomita 6 kwa lita. Ikiwa safari ya pili ilikuwa ya kilomita 300 kwa lita 30, gari lilikwenda kilomita 10 kwa lita. Katibu atashawishika kusema kwamba wastani ni 8. Sivyo. Kilomita 600 kwa lita 80 ni kilomita 7 na nusu kwa lita. Jumla ya kilomita zote igawanywe daima kwa jumla ya lita zote.

La tatu ni kuiamini namba ya kilomita bila kuihakiki. Gari likifungwa matairi makubwa kuliko yale lililotengenezewa, kila mzunguko wa gurudumu huenda mbali zaidi, na kipimo husoma kilomita pungufu. Gari huonekana linakula mafuta kuliko ukweli. Matairi yaliyokwisha hufanya kinyume chake. Dawa yake ni kulipeleka gari katika barabara kuu penye nguzo za kilomita, kwenda nguzo 20 kamili, na kulinganisha. Kipimo kikisema 19, kila hesabu ya chama iongezwe kwa kiasi hicho. Na ikiwa kipimo kimekufa kabisa, chama kikitengeneze kabla ya kununua lita nyingine, kwa kuwa gari lisilo na kipimo cha kilomita ni ghala lisilo na mizani.

Vipimo vitatu vya kiangazi na vitatu vya masika vyatosha kulipatia gari kiwango chake. Kiwango hicho kisomwe mbele ya Halmashauri ya chama na kuandikwa katika muhtasari. Tangu hapo, mafuta yakizidi kiwango kwa asilimia 5, hilo ni jambo la kawaida la barabara na mzigo. Yakizidi kwa asilimia 15 au 20 mara mbili mfululizo, iko sababu, na Katibu ana wajibu wa kuitafuta, akianza na gari kabla ya kumfikia mtu.

GARI LENYEWE NA FUNDI

Magari ya zamani ya petroli hutumia kabureta, na kabureta haina akili ya kujua hewa imepungua. Manyoni, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,200, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa sehemu zaidi ya moja ya kumi. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam itamimina petroli nyingi mno ikifika huku. Dalili zake ni plagi nyeusi zenye masizi makavu, harufu ya petroli na injini inayokosa nguvu mlimani. Fundi airekebishe gari likiwa hapa hapa linapofanya kazi.

Chujio la hewa nalo lina habari yake. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilionyesha kwamba katika magari ya kisasa ya petroli yenye mitambo ya kompyuta chujio lililoziba halipotezi mafuta mengi, ila hupunguza nguvu za gari. Lakini katika magari ya kabureta, kulisafisha au kulibadilisha huweza kuokoa asilimia 2 hadi 6 ya mafuta, na zaidi likiwa limeziba kabisa. Kwa vumbi la mbuga, chujio lisafishwe kila juma wakati wa kiangazi. Lile la bakuli la oili libadilishwe oili yake mara ionekanapo kuwa tope. Pamoja na kuokoa mafuta, chujio hulinda silinda zisisagwe na mchanga.

Katika injini za dizeli mwalimu mkuu ni moshi. Moshi mweusi mfululizo katika mwendo wa kawaida ni mafuta yasiyoungua yanayotupwa hewani, na maana yake ni nozeli zilizochoka, pampu iliyofunguliwa kupita kiasi, au hewa isiyotosha. Nozeli zipelekwe kupimwa kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Kuzibahatisha kwa spana chini ya mti kumegharimu vyama pampu nzima.

Kuna desturi moja ya mafundi inayopaswa kukomeshwa. Injini ikichemka, fundi huondoa themostati na kusema kwamba tatizo limekwisha. Injini iliyoondolewa themostati huchelewa kupata moto wake unaofaa, na wakati mwingine haiupati kabisa. Injini baridi hutumia mafuta mengi na hulika upesi. Kama gari linachemka, sababu ni rejeta iliyoziba, pampu ya maji, mkanda au gasketi. Hiyo ndiyo itafutwe.

Baada ya injini yaangaliwe magurudumu. Upepo ukipungua katika matairi yote manne, matumizi ya mafuta hupanda kwa asilimia 0.2 hivi kwa kila paundi moja ya upepo. Matairi yaliyopungua paundi 10 yatakula asilimia 2, na yatakwisha ubavuni mapema. Dereva aliyepunguza upepo ili atoke matopeni ana wajibu wa kuujaza tena kabla ya kurudi lamini. Breki zinazoshika ni hasara kubwa zaidi. Baada ya safari fupi isiyotumia breki nyingi, mkono usogezwe karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu lenye moto kuliko mengine linashikwa na breki au beringi yake imekufa.

Mwisho ni gia ya magurudumu manne. Katika Land Rover ya Series III, kitufe cha manjano kikisukumwa chini magurudumu ya mbele nayo huanza kuvuta. Hilo ni kwa ajili ya tope na mchanga. Ikiachwa hivyo lamini, magurudumu ya mbele na ya nyuma hushindana, mafuta hupotea, matairi hulika na ekseli huweza kukatika. Gari likitoka matopeni, kazi ya kwanza ya dereva ni kuiondoa gia hiyo.

DEREVA NA MZIGO

Magari haya ya zamani yana uso bapa kama mlango wa ghala, na upepo huwa adui yake mkubwa pindi mwendo unapozidi. Gari likitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, ukinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu. Kati ya Kintinku na Dodoma dereva anayeshika kilomita 75 au 80 atachelewa kwa dakika chache tu, naye ataokoa mafuta kuliko ambavyo marekebisho mengi ya fundi yangeweza kuokoa. Keria ya juu isiyo na mzigo iondolewe. Mzigo uliowekwa juu ya gari huweza kula asilimia 6 hadi 17 katika barabara kuu. Uliowekwa ndani hugharimu uzito wake tu, ambao katika gari la wastani ni kama asilimia 1 kwa kila kilo 45.

Injini isiachwe ikiunguruma wakati Mwenyekiti akizungumza na watu. Gari lililosimama likiwa limewashwa humaliza kati ya lita moja na mbili kwa saa, kwa kadiri ya ukubwa wa injini, na kilomita zake ni sifuri.

Lakini uko ubahili mmoja uliokatazwa. Baadhi ya madereva, wakishuka kutoka Saranda, huweka gia huru au huzima injini kabisa wakidhani wanaokoa. Gari zito linaloshuka bila gia hutegemea breki peke yake, na breki za duara za magari ya zamani zikipata moto huacha kushika. Injini ikizimwa, katika magari yenye breki zinazosaidiwa na mvuto wa injini, msaada huo nao hupotea. Magari ya kisasa zaidi yenye kompyuta hukata mafuta yenyewe yakiteremka yakiwa ndani ya gia, hivyo dereva anayeweka gia huru hutumia mafuta mengi zaidi kuliko ambaye hakuweka. Akiba ya mteremko ule haifiki hata lita moja. Halmashauri iandike katika masharti ya kazi kwamba kushuka kwa gia huru ni kosa.

UNUNUZI WA MAFUTA

Bei za mafuta hapa nchini hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila wilaya, na kituo hakiruhusiwi kuuza kwa bei ya juu kuliko iliyotangazwa. Katibu aibandike bei ya Manyoni na ya Bahi katika ubao wa chama kila mwezi, ili mwanachama yeyote aweze kuilinganisha na stakabadhi. Stakabadhi ya mashine idaiwe kila mara. Pampu iangaliwe kama ina alama ya Wakala wa Vipimo, na ianze kwenye sifuri.

Mafuta ya madumu yaepukwe ila kwa dharura. Dumu halina kipimo cha kuaminika, mafuta yake hayana stakabadhi, na petroli iliyowekwa nyumbani imeteketeza watu. Aidha, mafuta ya njiani huweza kuchanganywa. Kabla ya mwaka 2011 mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, na uchakachuaji ulienea hata Serikali ikaanza kuweka alama maalumu katika mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uovu huo. Injini ya petroli inayogonga mlimani ghafla baada ya kujazwa mafuta mahali pageni ni ushahidi unaotosha kuulizwa.

Wapo wanaoamini kwamba mafuta yakinunuliwa alfajiri lita huwa kubwa zaidi kwa sababu ya baridi. Mafuta hutanuka kwa kiasi cha sehemu moja katika 1,000 kwa kila digrii ya joto, na tangi la kituo limo ardhini ambamo joto halibadiliki sana kutoka asubuhi hadi mchana. Faida yake ni ndogo mno. Dereva asipoteze nusu siku kwa ajili yake.

KUUZA GARI AU KULITUNZA

Swali ambalo kila Mkutano Mkuu hulifikia ni hili: je, gari hili liuzwe linunuliwe jingine? Jibu limo katika kilomita, wala halimo katika umri wa gari.

Na iwe mfano, kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, iliyochaguliwa kwa urahisi wa hesabu. Gari la petroli linakwenda kilomita 5 na nusu kwa lita. Linalotakiwa kununuliwa linakwenda kilomita 8. Chama kinachotembea kilomita 12,000 kwa mwaka kitatumia lita 2,182 kwa gari la kwanza na lita 1,500 kwa la pili. Tofauti ni lita 682, ambazo ni shilingi 2,046,000. Kama ushuru wa chama ni shilingi 20 kwa kilo, hizo ni ushuru wa kilo 102,300 za mazao, yaani magunia 1,023 ya kilo 100. Hapo yafaa mkutano ukae na kufikiri. Lakini chama kinachotembea kilomita 3,000 tu kitaokoa lita 170, kiasi cha shilingi 510,000 kwa mwaka. Fedha hizo hazilipi mkopo wa gari. Chama hicho kitunze gari lake, au kiulize kama kinalihitaji kweli, kwa kuwa mzigo wa msimu unaweza kukodiwa lori, na safari za Katibu kwenda Manyoni zinaweza kwenda kwa basi.

Hesabu inafundisha jambo jingine. Chama kinacholifikisha gari lake kutoka kilomita 5 hadi 6 kwa lita kitaokoa lita 400 kwa kila kilomita 12,000. Chama kinacholitoa gari lake kutoka kilomita 10 hadi 11 kitaokoa lita 109 tu. Kwa hiyo gari bovu zaidi ndilo lenye akiba kubwa zaidi iliyojificha ndani yake, na themostati, chujio na upepo wa matairi ni bei ndogo ya kuifikia.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Nchi hii imekwisha kufundishwa thamani ya mafuta kwa njia ngumu. Bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne kati ya mwaka 1973 na 1974, ikapanda tena mwaka 1979, na katika miaka ya mwanzo ya 1980 magari ya watu binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili alasiri. Mwaka 2022 bei zilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Mwanachama wa Kintinku hana uwezo juu ya bei ya dunia. Anao uwezo juu ya daftari la chama chake.

Dereva aandike kilomita za kuanzia na za kumalizia kila safari, mahali alikokwenda, mzigo aliobeba na hali ya njia, kisha atie sahihi. Katibu aambatishe stakabadhi, afanye hesabu kila mwisho wa mwezi na kuibandika ubaoni. Halmashauri ikague kiwango mara mbili kwa mwaka, kiangazi na masika. Mkaguzi wa hesabu ajapo, akabidhiwe daftari hilo bila kuombwa. Na mwanachama mwenye shaka aende kwanza ubaoni, alinganishe mwezi huu na mwezi uliopita, kisha asimame mkutanoni aulize akiwa na namba mkononi.

Chama chenye daftari hilo, dereva wake akituhumiwa, kinaweza kumsafisha mbele ya wanachama wote kwa dakika tano. Na kama ameiba, kinaweza kuthibitisha kwa dakika tano vile vile. Kwa vyama ambavyo bado havijaanza, tarehe inayofaa ni siku ile gari litakapojazwa mafuta tena: lijazwe hadi shingoni, namba ya kilomita iandikwe, na ukurasa wa kwanza utakuwa umefunguliwa.